Belo la Katito

Nilifika Kendu Bay siku ya tatu ya msiba nikiwa na lori la mahema. Sisi Wajaluo tukisikia mtu amekufa tunawaza mahema kwanza: mahema, viti, jenereta, ng'ombe, kisha kamati ya kugombania nani atashika ufunguo wa jenereta. Salma alinipigia simu Jumanne asubuhi kuniambia mama yake ameaga alfajiri. Nikampa pole, nikafunga mlango wa ofisi nikalia, halafu nikapangusa uso na kufanya kile ninacholipwa kufanya, yaani kupanga. Mimi ni mkuu wa idara ya wajibu kwa jamii katika kampuni moja kubwa hapa Kisumu. Nikitaka mahema, mahema huja. Kijana mmoja wa idara aliniuliza kama tubebe na bango la kampuni, nikamwambia la, na hilo ndilo jambo pekee la busara nililofanya wiki hiyo. Kwa sababu lori lilipoingia uani Alhamisi mchana sikukuta umati wala vilio. Nilikuta mikeka, wazee wachache wenye kofia wakinywa chai, akina mama wakisugua sufuria, na Salma akinijia na mtandio kichwani, macho mekundu, mdomo ukipigana na kicheko. Mama Salma alikuwa amezikwa Jumanne ileile kabla ya saa kumi, kama Waislamu wanavyozika. Nilikaa na mwanamke huyo mwaka mzima wa ujana wangu, nikamwona mara nyingi akifunga duka mchana kwenda kuzika na kurudi kabla ya giza, na bado nilikuwa nimesahau.

"Alisema utakuja na hema," Salma aliniambia akinikumbatia. "Wiki jana tu. Alisema, Adhiambo atachelewa, na atakuja na hema. Msimcheke. Mpeni chai."

Dereva naye akapewa chai, akageuza lori lake. Mimi nikapelekwa ndani, kwenye chumba cha marehemu, ambako wanawake walikuwa wamemaliza dua na kubaki wakizungumza chini chini. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, kabati la mninga, cherehani ya kukanyaga, na juu ya cherehani lile kopo la biskuti nililolijua. Sikuhitaji kulifungua. Ndani mngekuwa na vigurudumu vya uzi mwekundu, sindano zilizochomekwa kwenye kipande cha sifongo, na mkasi usiokata kitu kingine ila uzi. Nilitamani kulishika, nikaona aibu. Wanawake walipotoka mmoja mmoja, Salma alifunga mlango akakaa kitandani karibu yangu. Siku hizi ni mwalimu mkuu, ana sauti ya gwaride, lakini siku hiyo alinong'ona.

"Deni hana. Tuliuliza mbele ya watu wote siku ya kuzika, vile huwa tunauliza, na hakuna mtu alisimama. Lakini kuna kitu moja alituachia, Dada. Alisema twende Katito tutafute mama mmoja anaitwa Min Apiyo, tumwombe msamaha tena. Ati duka yake ilimuuzia belo ya uongo. Sasa mimi nimelishwa na hiyo duka tangu nikiwa mtoto. Sikujua Mama aliwahi kudanganya mtu. Kaka Yusuf hata hajalala vizuri."

Chai ilikuwa mdomoni. Niliimeza ikiwa moto, nikaisikia ikishuka mpaka chini. Belo hilo nililijua kuliko mtu yeyote katika boma lile, kwa maana nililifunga kwa mikono yangu.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza shule, nangoja barua ya chuo ambayo haikuwa na haraka, nikilala kwenye chumba cha kupanga Nyamasaria ambacho mvua ilikijua vizuri kuliko mwenye nyumba. Mtu akanielekeza soko la Kibuye kwa Mjaluo Mwislamu mwenye duka la mitumba ya jumla, ati anatafuta msichana mwenye mdomo. Mdomo nilikuwa nao. Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mabati, sakafu ya saruji iliyofagiwa mpaka iking'aa, mabelo yamepangwa upande mmoja, na nyuma ya pazia la leso, chumba cha pili kidogo chenye mkeka wa kuswalia, jiko la makaa, cherehani na madumu mawili ya maji. Mama Salma alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, mnene, mweusi wa kung'aa, mwenye kucheka kwa mabega. Alinipa jaribio moja tu la kazi. Alinipa blauzi akaniambia nimuuzie. Nikaisifu ile blauzi kama bibi harusi. Akaniacha nimalize, kisha akainyoosha juu mwangani, akanionyesha tundu dogo kwapani. "Umeanza na mwisho, nyara," akasema. Nyara ni binti yangu. "Hapa tunaanza na dosari. Ukishasema dosari, hiyo ingine yote itajisema yenyewe."

Asiyewahi kuuza mitumba hawezi kujua ukali wa sheria hiyo. Belo la mitumba huuzwa likiwa limefungwa. Unaona gunia lililobanwa na mikanda ya plastiki, na karatasi inayosema ni suruali au ni nguo za watoto, basi. Unalipa, unalibeba, unakata mikanda mbele ya majirani zako huku moyo ukidunda. Likitoa kamera, yaani nguo za daraja la kwanza, unaimba. Likitoa fagia, matambara ya kufagia nayo, unanyamaza unarudi nyumbani. Hakuna anayerudisha belo, hakuna anayelalamika. Ni bahati, watu husema, na Kibuye nzima iliishi hivyo, Mkristo na Mwislamu. Mama Salma naye aliuza hivyo miaka mingi, hadi alipoanza kuhudhuria darsa za akina mama msikitini. Huko akasikia kwamba haifai kuuza kitu ambacho muuzaji na mnunuzi wote wako gizani juu yake, na mfano aliopewa ulikuwa wa samaki aliye bado majini. Alirudi akiwasimulia majirani huku anacheka, kwa sababu sote ni watu wa ziwa, na nusu ya samaki wa ziwa hili wameshauzwa kabla hawajavuliwa. Lakini kicheko kilipoisha alichukua kisu, akakata mikanda ya belo la kwanza. Kutoka siku hiyo, kila belo lilifunguliwa, kila nguo ikakunjuliwa, na penye tundu, doa au kifungo kilichokosekana, tukatia fundo la uzi mwekundu. Mteja akija anaona vyote, vizuri kwa vibaya, kisha ananunua belo zima akijua anachobeba.

Tena alikuwa na desturi nyingine. Kabla hajauza chochote alichagua nguo moja iliyo nzuri kuliko zote katika belo, akaiweka kwenye kapu la sadaka. Nilipomshauri, kwa werevu wangu wa kidato cha nne, kwamba maskini wangefurahia hata zenye uzi, alinitazama kwa upole wa kunikera. "Wewe ukipewa zawadi ya fagia na Mungu, utafurahia?" Na fagia zenyewe hakuzitupa kwenye mtaro kama wengine, mtaro ambao mvua ikinyesha hupeleka kila kitu ziwani. Tulizikata vipande tukawapelekea mafundi wa magari wapangusie mikono. Leo nikiwa kwenye mikutano ya kampuni, tunapojadili bidhaa zipi zinakaribia kuharibika ili tuzitoe msaada na kupiga picha, namwona akiwa amekaa kwenye kigoda mwisho wa meza, akicheka kwa mabega. Sijawahi kumtaja katika mikutano hiyo. Labda ningepaswa.

Chakula cha mchana tulikula nyuma ya pazia. Omena, dagaa wa ziwani, aliyekaangwa mpaka akawa mkavu, ugali wa mtama, na mboga chungu ya osuga ambayo aliipika kwa maziwa siku mbili ndipo akubali kuipakua. Ijumaa ilikuwa pilau, na Ijumaa hata majirani walipata dharura za kupitia dukani. Ramadhani ilipofika nilianza kula kwa kujificha, mandazi yangu chini ya kitambaa, hadi akanifumania. "Unaibia nani?" akauliza. "Wewe hufungi. Kaa hapa mbele yangu ule kama mtu." Nikala mbele yake mwezi mzima, yeye midomo imekauka, akiniuliza kama chumvi imetosha. Sijapata kula chakula chenye heshima kama kile tangu hapo.

Tatizo lilikuwa moja, nalo lilikuwa kubwa. Watu hawakununua. Mtu aliyezoea belo lililofungwa akiona lililofunguliwa anajua jambo moja tu: limeguswa. Wanawake walikuja kutoka Ahero, Sondu na Bondo, wakatazama nguo zilizotandazwa, wakatazama nyuzi nyekundu, kisha wakauliza swali lile lile: "Kamera imeenda wapi?" Nilipowaambia hakuna kilichotolewa isipokuwa moja ya sadaka, walinikonyeza kama tunaojuana. Kadiri tulivyosema ukweli ndivyo tulivyoonekana wezi. Upande wa pili wa bati alikuwa Otis, muuza jumla mwenzetu, mtu wa utani aliyempenda Mama Salma kwa dhati na kumsengenya kwa dhati vilevile. Bati halina siri. Nilimsikia mchana mmoja akimwambia mteja wake, "Dini imemwingia huyu mama vibaya. Unajua buchari? Mtu anauza nyama. Sasa yeye anatoa utumbo nje, anaweka barabarani, halafu anashangaa kwa nini watu wanapita." Wakacheka. Mama Salma alikuwa nyuma ya pazia akitawadha. Alitoka uso unadondoka maji, akagonga bati mara mbili. "Otis, utumbo pia watu wanakula. Kuja Ijumaa."

Lakini baada ya Idi nilimwona akipanga mabelo machache kuliko mwezi uliotangulia, na mwezi uliofuata machache zaidi. Siku moja nikamsikia akimweleza mwenye chumba kwamba huenda akahama mwisho wa mwaka, arudi Kendu Bay alime. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida. Mimi ndiye niliyetetemeka. Watu watadhani niliogopa kukosa kazi, na kweli niliogopa, lakini zaidi ya hapo nilikuwa nimeshampenda. Nilipenda mkeka ule, jiko lile, harufu ya sabuni ya mche, jinsi alivyoniita binti yake bila kufikiri. Kulikuwa na belo moja lililokaa kona kwa wiki saba. Makoti ya watoto ya nchi za baridi, manene kama godoro, zipu karibu zote zimekufa. Tulikuwa tumelijaza uzi mwekundu hadi likaonekana kama lina upele. Kila mteja aliliona, akacheka, akaenda kununua bahati kwa Otis.

Alhamisi moja Mama Salma alikwenda kuzika shangazi yake. Nilikuwa peke yangu. Nilikaa chini nikatoa nyuzi, moja moja, kwa ule mkasi wake. Kazi hiyo ilinichukua asubuhi nzima, na nitasema kweli, sikusikia hatia yoyote. Nilijisikia mtu mzima anayeokoa nyumba. Kisha nikayabeba makoti mpaka kwa Otis, aliyekuwa na mashine ya kukaza mikanda. Alinitazama, akatazama makoti. "Min Salma anajua?" akauliza; min kwa Kijaluo ni mama. "Amenituma," nikasema. Tulikaza mikanda pamoja, akanitafutia hata karatasi ya kubandika. Saa nane akafika mwanamke mwembamba aliyefunga mtoto mgongoni, akasema yeye ni Min Apiyo, ametumwa na kikundi cha akina mama wa Katito, kumi kwa jumla, wamechanga wafungue biashara. Hakuwahi kununua belo maishani. Aliniuliza lipi ni zuri. Nikaweka mkono juu ya belo nililolifunga mimi. Nikalisifu kama bibi harusi.

Mama Salma aliporudi jioni akaona kona i wazi, alisimama kama mtu aliyeona mwezi wa Idi. "Nani amenunua?" "Mama mmoja wa Katito." "Na umemwonyesha?" "Kila kitu," nikajibu. Akakaa kwenye kigoda, akavua viatu, akalia kidogo. Siku kadhaa alimsimulia kila aliyepita, hata Otis, ambaye aliitikia huku akiangalia chini: kwamba yupo mwanamke Katito aliyenunua kwa macho yake, akaona dosari zote na bado akachukua, basi wengine watafuata. Nilijitia kukunja nguo kila alipoanza kusimulia. Nilijiambia itapita.

Wiki mbili baadaye alikodi pikapu kupeleka nguo za kapu la sadaka kwenye makao ya watoto huko Sondu. Hakukuwa na bango wala picha. Tulishusha, akasalimia, tukaondoka. Tukirudi akamwambia dereva asimame Katito. Alikuwa amebeba leso mpya na mchele wa Ahero kwa ajili ya yule mteja. Nilisema nina homa. Alinigusa shingo, akasema sina. Min Apiyo tulimpata pale penye njia panda ya kwenda Kendu Bay, ameketi mbele ya turubali lenye makoti, hakuna mtu. Alinyanyuka akatukaribisha vizuri sana, akaagiza soda.

"Nimekuja kukwambia ero kamano, asante sana," Mama Salma alianza. "Wewe ndiye kastoma wa kwanza kununua belo yangu ukiwa umeona kila kitu."

Min Apiyo alicheka. "Kuona wapi, mama? Ilikuwa imefungwa kabisa. Nilikata kamba hapa hapa, watu wakiangalia. Zipu zote zimekufa. Lakini si makosa yako. Belo ni bahati, si ndiyo? Yangu tu ilikataa."

Mama Salma hakunigeukia. Miaka yote hii ndicho kitu ninachokikumbuka kuliko vingine, kwamba shingo yake haikugeuka hata kidogo. Aliweka ule mchele chini polepole.

"Haikuwa bahati," akasema. "Hiyo belo ilifunguliwa kwa duka yangu, ikaonekana ni mbaya, ikafungwa tena, ikauzwa. Nguo nitakubadilishia zote, utachagua mwenyewe. Nimekuja na shukrani, sasa naomba msamaha."

"Nani alifunga?"

"Duka ni yangu."

"Sikuuliza duka."

"Sina jibu lingine, mama."

Min Apiyo alitazama makoti yale. Mtoto mgongoni alikuwa ameamka, akawa anamtingisha bila kujua anamtingisha. "Nilikuwa nimeshamaliza kulia," akasema mwishowe. "Akina mama kumi. Niliwaambia ni Mungu. Wakakubali, hata tukaomba pamoja. Kumbe ni mtu." Akaanza kukunja makoti, moja moja, vizuri, kama anayapeleka kwa wageni. "Nguo nitachukua, kwa sababu si yangu peke yangu. Hiyo ingine, hiyo msamaha, uende nayo."

Tulipakia makoti. Mchele na leso alivikataa, navyo vikarudi. Nilikaa nyuma ya pikapu juu ya makoti kwa sababu sikuweza kukaa karibu na Mama Salma, naye Ahero akamsimamisha dereva, akapanda nyuma akaketi kando yangu na mwili wake wote ule. Nilitarajia kufukuzwa. Nilikuwa nimeshatunga hata maneno ya kwaheri.

"Uliogopa nini?" akauliza.

"Kwamba utafunga duka."

Tukapita mashamba ya mpunga, maji yakimeremeta pande zote. "Sikiza, nyara. Nguo ikiwa na tundu, mwonyeshe kila mtu. Mtu akiwa na tundu, mfunike. Wewe ulichanganya hizo mbili. Usichanganye tena." Kisha akachukua koti moja akalitazama zipu. "Hizi tutabadilisha. Wavuvi wa omena wanasikia baridi sana huko ziwani, na watoto wao wanasikia pia."

Tulibadilisha zipu, mimi nikikanyaga cherehani mpaka miguu ikafa ganzi, na yale yasiyotengenezeka nikayatia uzi upya. Jumapili Min Apiyo alikuja Kibuye na wanawake wawili, wakachagua nguo kipande kwa kipande. Nilikuwa nimesimama pale. Niliwakunjia nguo. Ningeweza kufungua mdomo huu ulionipatia kazi. Nikajiambia Mama Salma amenifunika, na kujifunua sasa ni kumkosea adabu. Ni hoja nzuri sana, imenitosha kwa zaidi ya miaka thelathini. Huko Katito habari zilienea kwamba yule mama wa Kiislamu wa Kibuye hufunga fagia na kuziuza, na zikarudi mpaka kwetu. Wateja watatu wa Sondu hawakuonekana tena. Duka lilichechemea. Lakini halikufa. Akina mama wenye mtaji mdogo, wale ambao bahati moja mbaya ingewamaliza, ndio walioanza kuja polepole kutafuta nguo za uzi mwekundu, na kufikia mwisho wa mwaka Otis mwenyewe aliuliza, kwa mzaha usio mzaha, uzi huo unauzwa wapi. Barua ya chuo ikaja. Siku ya kuondoka Mama Salma alinipa gauni la buluu, kamera halisi, akaligeuza nje ndani mbele yangu. "Nimetafuta dosari sijaona," akasema. "Ukiiona, rudi uniambie."

Chuoni nilisomea biashara. Nilipoajiriwa nilipanda haraka, na watu husema nina kipaji cha kuilinda kampuni. Kuna mwaka maji machafu ya kiwanda chetu yaliingia kijito cha watu, na mimi ndiye niliyeandika taarifa. Niliandika kwamba ni kitendo cha mfanyakazi mmoja aliyekiuka utaratibu, na kampuni haihusiki. Taarifa ilisifiwa. Nilipofika nyumbani sikuweza kula, nikajiambia ni uchovu, ingawa nilikuwa nikimsikia mtu akisema, bila kugeuza shingo, duka ni yangu.

Hayo yote yalinipitia nikiwa nimeshika kikombe chumbani Kendu Bay. Salma alikuwa akiningoja nimwambie la kumfariji.

"Mama yako alisema nini hasa?" nikamuuliza. "Neno kwa neno."

"Alisema, duka yangu iliuza belo ya uongo."

"Basi alisema kweli. Hakusema yote tu. Ni mimi niliyefunga belo hilo, Salma. Nilimdanganya yeye pia. Hakujua kitu mpaka tulipofika Katito."

Nilimweleza mpaka mwisho. Nilipomaliza alikwenda mlangoni akamwita kaka yake, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, akamkalisha. "Mwambie na yeye." Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa nilijua sentensi inayofuata. Yusuf alisikiliza ameinama, akizungusha kofia mikononi.

"Unajua Katito walimwita mwizi?" akasema. "Miaka yote. Akitoka Kisumu kuja nyumbani gari ikisimama pale, watu wote wanashuka kununua ndizi. Yeye hakuwahi kushuka. Sisi tulidhani ni miguu."

"Najua walivyomwita."

"Na ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

Yusuf hakusema amenisamehe na mimi sikumwomba, kwa sababu nilijua si yeye wa kwanza kwenye foleni. Alisogeza sahani ya mahamri upande wangu. "Kula," akasema. "Kisha huo wasia si wetu tena, ni wako." Salma akalichukua lile kopo la biskuti juu ya cherehani, akaniwekea mapajani. Nililia hapo vilivyo, mara ya kwanza tangu Jumanne, na hakuna aliyenizuia.

Nililala kwao. Ijumaa asubuhi nikashuka Katito. Njia panda imejengwa, kuna maduka ya ghorofa, lakini sikupata taabu. Kila mtu anamjua Min Apiyo, anauza sare za shule, ana chumba chake kizuri chenye kioo mbele. Amenenepa, nywele zimekuwa nyeupe, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Alikuwa akipima mtoto mabega, akamaliza kwanza, akaandika, kisha akaniinulia uso. "Karibu, mama. Unataka saizi gani?" Njiani nilikuwa nimepanga vizuri, kama kawaida yangu: nianze na salamu, nipitie habari za msiba, nimweleze jinsi marehemu alivyokuwa mtu mwema, jinsi nilivyokuwa msichana mdogo na maisha yalivyokuwa magumu. Yote yalikuwa kweli. Nikaweka kopo juu ya meza yake, nikakaa kabla sijakaribishwa, nikaanza na dosari.